Fahali wa ami

Ami yangu ni mwalimu mstaafu, na mwalimu mstaafu wa Pemba asipofuga kuku basi anaandika kitabu. Chake kinahusu mchezo wa ng'ombe, kila kitu kimo, nani alicheza wapi, fahali gani alimrusha nani mgombani, zumari ilipigwa na nani, wanawake waliimba nini. Kitabu kizuri wallahi. Tabu ikawa kava. Mchoraji mmoja wa mjini Chake Chake alitaja bei, ami akavua miwani akaifuta akaivaa tena akamuangalia vizuri, halafu akanigeukia mimi, "Wewe si una hiyo AI kwenye simu?"

Ninayo, nani hana. Tangu 2022 vidude hivi vya kutengeneza picha vilipofunguliwa kwa watu wote kila mtu kawa mchoraji, unaandika maneno unangoja kidogo picha hiyo. Basi tukakaa barazani baada ya lasiri, mimi na bando langu yeye na kahawa yake, nikaandika mtu anacheza na fahali kijijini Pemba, watu wanatazama.

Ikaja Hispania. Nzima nzima. Kijana kavaa suruali imembana mpaka nikaona haya mimi, mabega yanametameta dhahabu, kitambaa chekundu mkono huu, mkono huu upanga.

"Upanga wa nini? Kwani nani kasema tunamuua?"

Na kweli, ng'ombe wetu hafi, anafungwa kamba anachokozwa kwa kitambaa, wanaume wanakimbia wanaruka, mchezo ukisha anarudi kwa mwenyewe akala majani yake. Wanasema mchezo tuliupata kwa Wareno walipokuwa huku karne ya 16 na 17, ila upanga naona waliondoka nao.

Nikamueleza ami kuwa hii kitu imefunzwa kwa picha za intaneti, mamilioni kwa mamilioni, na picha za mtu na fahali nyingi ni za huko Hispania, za kijiji cha Kengeja huku Pemba nani kaziweka? Ami akanambia, "Basi ieleze."

Tukaieleza. Nikaomba awepo mpiga zumari, akaja mzungu kavaa sketi ya drafti kakumbatia mfuko wa kupuliza. Ami akaona ng'ombe hana nundu, nikaomba nundu, zikaja mbili, ami akauliza huyu ng'ombe anakwenda Hija? Jina la kitabu ndio usiseme, MCHZEO WA NGOOMBBE, maana kidude kile kilikuwa hakijui kuendeleza maneno, herufi kilizichora tu kama kilivyochora mnazi, na ami kasomesha Kiswahili skuli miaka yote hiyo, nilimuona mkono unatafuta kalamu nyekundu. Nikamwambia tulia ami, picha tutaichukua tupu, jina ntaliandika mwenyewe kwa programu nyengine.

Mwisho ikaja moja, mashaallah. Minazi, vumbi, jua la magharibi, kijana kavaa kikoi, ng'ombe ana nundu moja kama alivyomuumba Mungu. Lakini ami kishasikia redioni kuwa AI inakosea vidole, akaleta ile lenzi yake ya kusomea, akaanza kuhesabu. Mkono kwa mkono, kijiji kizima, watoto na wazee. "Huyu wa nyuma mwenye kofia ana sita." Nikarekebisha. "Na huyu bibi vinne." Nikarekebisha. Magharibi ikaadhiniwa tunahesabu vidole vya watu wasiokuwepo duniani.

Ikapelekwa Unguja kupigwa chapa, maboksi yakarudi kwa boti mpaka bandari ya Mkoani, na ami akasema kitabu kinazinduliwa pale pale uwanjani siku ya mchezo, mbele ya wenyewe. Nakala ya kwanza akapewa mfugaji mmoja mkongwe ambae fahali wake wamo nusu ya kitabu. Mzee yule hakufungua hata ukurasa. Aliliangalia kava, akalisogeza mbali, akalirudisha karibu.

"Mwalimu."

"Naam."

"Huyu fahali ana kiwele."

Nikachungulia. Kiwele, jamani! Kimejaa, chuchu zote nne, kinang'aa na lile jua la magharibi, na niseme haki ya Mungu hakuna kitu kilichochorwa vizuri kama kile kwenye picha nzima. Vidole tumehesabu mpaka macho yakauma, chini ya ng'ombe hakuna aliyeinama. Na kava lipo kwenye maboksi yote.

Uwanja ulilipuka. Watu wanapokonyana vitabu, si kusoma, kuangalia kiwele. Kina mama nao hawakungoja, wakaikata nyimbo waliyokuwa nayo wakatunga ya papo kwa papo, fahali wa mwalimu asubuhi anapiga pembe jioni anakamuliwa, zumari ikaifuata. Mimi nimejibanza nyuma ya maboksi. Mzee yule katulia tu, kitabu mkononi, anauliza kama mtu anaetaka kununua mnyama:

"Anatoa lita ngapi?"

Ami akarekebisha miwani. "Hilo liko ndani, mzee wangu. Lipa usome."