Pawa saplai mbili ndani ya paneli moja: tunajikinga na nini?

Siku hizi masharti ya zabuni za mitambo inayojiendesha, iwe pampu za visima, mtambo wa hoteli wa kutoa chumvi kwenye maji ya bahari au kiwanda cha barafu, aghalabu huwa na mstari unaotaka pawa saplai mbili za volti 24 (vifaa vinavyoshusha umeme wa kawaida kuwa volti 24 za kuendeshea vidhibiti) zifungwe pamoja, ili moja ikifa nyengine ibebe mzigo. Fundi anayependekeza moja iliyo bora, betri ya kuizuia PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mtambo) isizimike, na moja ya akiba stoo, huambiwa anabana matumizi. Hoja yake haijasikilizwa vizuri, na kwa umeme wetu wa visiwani Zanzibar naiona nzito kuliko inavyodhaniwa.

Wanaotaka mbili nao hawasemi upuuzi. PLC, vipimo vya presha, relei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme), vali na skrini, vyote hula volti 24 kutoka chanzo kimoja. Chanzo hicho kikifa, kituo kizima kimekufa hata kama mota ni nzima na umeme upo. Kikifa saa nane za usiku Micheweni, Pemba, na fundi yuko Chake Chake, watu wataamka mifereji mikavu. Zikiwa mbili, kila moja inabeba nusu ya mzigo, inapata joto dogo na inadumu zaidi. Ukitaka kubadilisha moja huna haja ya kuzima mtambo. Yote hayo ni kweli, na kwenye kiwanda chenye umeme uliotulia na chumba chenye kiyoyozi, ambako kinachotishia ni uzee wa kifaa chenyewe, mbili ndiyo hesabu sahihi.

Huku kwetu kinachoziua zaidi ni kile kinachoingia kupitia waya. Nyutro (waya wa kurudishia umeme) ikikatika nguzoni, nyumba au kituo kilichozoea volti 230 kinaweza kupokea volti zinazoelekea 400, na pawa saplai zote zilizo kwenye fezi moja (waya wenye umeme) zinaipata kwa pamoja. Radi ya masika ni vivyo hivyo. Ile moduli ya kuziunganisha mbili hizo, yenye dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani yake, inafanya kazi moja tu: iliyokufa isiivute chini iliyo hai. Upande wa kuingilia umeme haiugusi kabisa. Basi ukizilisha zote mbili kwa breka moja, umenunua vifaa viwili vya kuungua siku moja.

Kuna kituo kimoja cha pampu, Kaskazini Unguja, ambacho paneli yake niliifungua kwa sababu nyengine kabisa. Pawa saplai mbili zimekaa ubavu kwa ubavu, za aina moja, breka moja inazilisha zote. Ya kushoto taa yake ya kijani haiwaki. Kila moja ilikuwa na relei ndogo ya kutoa taarifa kwamba volti zipo, lakini pale matundu yake ya waya yalikuwa matupu na skurubu zake hazijawahi kuguswa na bisibisi. Hakuna aliyejua ile ya kushoto imekufa tangu lini. Tulipoifungua, kapasita kubwa (kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi) ya upande wa kuingilia ilikuwa imevimba kichwa, na viungio vya shaba vya waya vimeota ukoko wa kijani kwa hewa ya chumvi. Mchoro ulisema mbili, kituo kilikuwa kikienda kwa moja, tena moja iliyokwisha choka kama mwenzake, maana umri wao ni mmoja na joto lao ni moja.

Sasa nije kwenye namba ambayo naona inasahauliwa kuliko zote: milisekunde 20. Ukisoma karatasi ya pawa saplai ya kawaida ya viwandani utakuta kwamba umeme ukikatika, inaweza kuendelea kutoa volti 24 kwa muda wa kama milisekunde 20, ikiwa na mzigo kamili. Kwa umeme wetu wa mzunguko wa 50 kwa sekunde, huo ni mzunguko mmoja tu wa wimbi. Pawa saplai ya wati 120 kwa muda huo inatoa juli 2.4 za nishati, na hizo zimetoka kwenye ile kapasita inayovimba kichwa. Zikiwa pawa saplai mbili zinagawana mzigo, muda huo unaongezeka, tuseme hadi milisekunde 40. Jenereta ya akiba inahitaji sekunde kadhaa kuwaka na kupokea mzigo, na mara nyingi huvuka kumi. Kati ya milisekunde 40 na sekunde kumi pana pengo la mara 250, na ndani ya pengo hilo ndimo PLC inamozimika.

Halafu namba yenyewe imepimwa kwa volti 230. Nishati iliyomo ndani ya kapasita hufuata kipeo cha pili cha volti. Jioni, umeme ukishuka hadi 170 kama inavyotokea mwisho wa laini ndefu za shamba, pawa saplai rahisi isiyo na saketi ya kurekebisha pawa fakta (inayolinganisha umeme unaovutwa na wimbi la volti) hubakiwa na chini ya nusu ya muda ule. Kapasita ikizeeka hupungua zaidi. Kwa hiyo kituo ambacho mwaka wa kwanza kilivumilia umeme kupepesa, mwaka wa nne kinazimika kwa mpepeso uleule, na lawama anabebeshwa aliyeandika programu.

Tukizungumzia umeme visiwani, kila mtu anakumbuka giza la Mei na Juni 2008, na lile la Disemba 2009 hadi Machi 2010. Tangu hapo Pemba imeunganishwa na Tanga (2010) na Unguja ikapata kebo mpya ya megawati 100 kutoka Ras Kiromoni (2013). Giza refu la namna ile haliui pawa saplai. Kinachoitesa ni kukatika kwa kufumba na kufumbua, na khasa umeme unaporudi, mafriji na mota za mtaa mzima zinapovuta pamoja, volti zikashuka, zikapanda, zikashuka tena.

Wapo wanaouliza: pampu si itasimama tu umeme ukikatika, PLC ikibaki hai inasaidia nini? Inasaidia sana. PLC iliyo hai inajua umeme umekatika, inajua vali ipi imefunguka na tangi limefika wapi, na umeme ukirudi inaweza kusubiri utulie kisha ikawasha pampu moja baada ya moja. Iliyozimika inaamka upya, inachukua muda kujipanga, na kama programu haikuandikwa kwa hadhari, inawasha kila kitu kwa mkupuo. Pampu ya dawa ya klorini nayo inapoteza hesabu yake. Betri mbili ndogo za volti 12, ampea-saa 7, zikiunganishwa mfululizo zina wati-saa 168. Paneli inayokula wati 60 itakaa zaidi ya saa moja hata zikiwa zimeanza kuchoka. Moduli ya pili ya pawa saplai haikupi hata sekunde moja ya hiyo.

Betri zina udhaifu wao, na wapinzani wako sahihi kuutaja. Betri ya risasi iliyotengenezwa idumu miaka mitano kwenye nyuzi 20 hupoteza nusu ya umri wake kwa kila takriban nyuzi 10 zinazozidi. Ukiiweka ndani ya paneli iliyo kwenye kibanda cha bati, ambamo Februari mchana hupata nyuzi 45 bila taabu, utaizika kabla ya mwaka kwisha. Ikae nje ya paneli, chini, kivulini, penye hewa. Pasipowezekana, zipo moduli za akiba zinazotumia kapasita kubwa badala ya betri. Zinabeba sekunde au dakika chache tu, lakini zinatosha mpaka jenereta ishike. Kanuni hiyohiyo ya nyuzi 10 inazihusu kapasita za pawa saplai yenyewe, na kwa sababu hiyo pawa saplai ya bei rahisi unayoikuta sokoni Darajani, hata ikiandikwa ampea zilezile, si sawa na iliyotengenezwa kufanya kazi kwenye nyuzi 60.

Na ile ya akiba stoo? Hapa ndipo fundi wetu anapodhaniwa mbahili, ilhali anafikiri kama mtu wa kisiwani. Hoteli ya Nungwi inaweza kusubiri siku nzima kifaa kitoke Dar kwa boti. Mkoani au Wete safari ni ndefu zaidi, na bahari ikichafuka kipindi cha kusi hakuna wa kumlaumu. Pawa saplai iliyo kabatini, ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na kipakiti cha kukausha unyevu, haikuwa kwenye waya siku volti zilipopanda. Mlinzi akipiga simu, fundi analegeza skurubu chache, anaitoa iliyoungua kwenye reli ya paneli, anaingiza nyengine na kupima volti kabla ya kuunganisha mzigo. Kazi hiyo haifiki nusu saa. Sharti ni moja tu: isisahauliwe humo miaka sita, kwani kapasita huzeeka hata zikiwa zimelala. Kila mwaka ya stoo iingie kazini na ya kazini ipumzike.

Hesabu ya usiku wa Micheweni bado inanisumbua, sikatai. Mahali ambapo fundi hawezi kufika kwa saa nyingi, au mtambo ukisimama unaharibu mali, ningekubali mbili bila ubishi. Lakini kila moja iwe na breka yake na kizuizi chake cha umeme wa ghafla, moja ilishwe na fezi na nyengine na laini ya UPS (kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika), na zile relei mbili za taarifa zifike kwenye PLC ili moja ikifa simu ya fundi iite siku hiyohiyo. Zabuni inayotaja mbili bila kutaja hayo irudishwe kwa aliyeiandika, na fedha ya ile ya pili inunue betri na kizuizi.