Msinionee wivu kwa huu mto

Mdogo wangu analima mpunga Mabogini, kusini mwa Moshi, na kila tukipigiana simu lazima anichokoze: "Dada, huko kwenu si mnachota tu mtoni mnakunywa?" Juzi nikampigia video nikiwa kando ya mto Windrush, hapa Witney, mji mdogo wa Oxfordshire uliowahi kuvuma kwa blanketi zake. Nikamwonyesha tawi lililoinamia maji, limening'inia vitambaa vyeupe vilivyochanikachanika. Akadhani ni nyavu. Nikamwambia hivyo ni vitambaa vya kufutia watoto, vimetupwa chooni vikaishia hapo. Kimya. Kisha: "Kumbe!"

Hapa England mabomba mengi ya majitaka hubeba na maji ya mvua humo humo, na yaliyochakaa huingiza maji kutoka ardhini. Mvua ikikolea, mfumo unazidiwa, na kinachozidi huachiwa kwenda mtoni ili kisirudi kufoka vyooni kwa watu. Ruhusa hiyo ni ya mvua kubwa isiyo ya kawaida. Mwaka 2023 yalihesabiwa matukio 464,056 kwa England nzima, jumla ya saa milioni 3.6. Hiyo isiyo ya kawaida imekuwa kama ugali, kila siku ipo mezani.

Sasa nyumbani. Majitaka ya Moshi yanayopita kwenye mabomba huteremka hadi mabwawa ya Mabogini. Tulipokuwa wadogo tulipita pale tumeziba pua, na mpaka leo wapo wanaoyaona ni aibu, wanataka "mtambo wa kisasa". Mimi nayatetea. Bwawa la mwanzo huwa na kina kirefu: uchafu mzito unazama, bakteria wasiohitaji hewa wanaula. Linalofuata ni la kijani, mwani humo unatengeneza oksijeni. Ya mwisho hayana kina, jua linapenya na kuua vijidudu. Hakuna umeme wa kukatika wala pampu ya kusubiri spea kutoka ng'ambo. Kwa nchi yenye jua kama letu, hiyo ni akili, si umaskini. Ila tope lazima liondolewe kwa wakati, la sivyo bwawa linajaa na maji yanapita tu bila kukaa siku zake.

Na pale maji yanapotoka, wakulima wanayasubiri. Yana mbolea ya bure. Mpunga unapikwa, sina hofu nao sana. Hofu yangu ni miguu ya mdogo wangu, peku kwenye tope, na mchicha unaomwagiliwa maji hayo hayo. Yanayobaki huelekea bondeni, upande wa Kahe na Nyumba ya Mungu, ambako watu wanavua samaki.

Kwa hiyo sitaki mitambo ya Wazungu. Ninachokionea wivu ni kitu kidogo kabisa: kipima. Kufikia mwisho wa 2023 kila tundu la kumwagia majitaka ya mvua England lilikuwa limefungwa kifaa kinachorekodi limeanza saa ngapi kumwaga na limeacha saa ngapi. Leo naangalia ramani kwenye simu kabla sijampeleka mwanangu kuchezea maji. Hakikuja kwa hisani. Hapa Windrush wapo wakazi, wengine wastaafu, waliojiita Windrush Against Sewage Pollution, waliodai takwimu za vituo vya kusafishia majitaka na kuzichambua mstari kwa mstari. Profesa mmoja mstaafu, Peter Hammond, alifundisha kompyuta kutambua siku ambazo kituo kilimwaga bila kusema, na mwaka 2021 yeye na wenzake wakachapisha utafiti wao. Wazee wa watu, wangeweza kukaa wakanywa chai.

Sisi tuna mabwawa mazuri na nyumba nyingi bado ziko kwenye mashimo, zinaita gari la kunyonya. Hilo litahitaji pesa. Lakini kubandika ubaoni kila mwezi majibu ya maabara ya maji yanayotoka bwawa la mwisho, hilo linahitaji karatasi na gundi.

Nikamwambia mdogo wangu aende akayaombe, tena aende na wenzake wa mfereji mmoja, asiende peke yake. Akacheka. "Sawa dada, nikimaliza kupalilia. Ila kwanza nitumie buti."

Buti nimetuma. Namba tisa, za mpira, zinafika magotini.