Almaty haikuangushwa na theluji

Tarehe 31 Julai 2015, mjini Kuala Lumpur, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ilipiga kura ya kuchagua mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 2022. Beijing ilipata 44, Almaty ya Kazakhstan 40, na mjumbe mmoja hakuegemea upande wowote. Wangegeuka wawili tu ingekuwa sare. Wangegeuka watatu, Almaty ingeshinda.

Tangu siku ile kuna maelezo mawili yanayorudiwa kila mjadala huu unapofufuka: kwamba fedha za China ndizo zilizoshinda, au kwamba mji wenye theluji ulidhulumiwa na mji usio nayo. Mimi naona yote mawili yanaikwepa sababu kubwa. Almaty ilishindwa kwa kuwa wapigakura wengi hawakuijua, kanuni zikawazuia kuijua, na timu ya kampeni ikajenga hoja yake juu ya theluji badala ya kuziba pengo hilo.

Kwa mpango wa viwanja, Almaty ilikuwa mbele bila ubishi. Mji umekaa chini ya milima ya Trans-Ili Alatau, na viwanja vyote vilipangwa ndani ya kilomita 30. Uwanja wa Medeu, wa kuteleza kwenye barafu, uko mita 1,691 juu ya usawa wa bahari na una barafu ya mita za mraba 10,500. Kutoka hapo gondola, yaani vigari vinavyoning'inia kwenye kebo, inakupandisha hadi Shymbulak, mita 2,260, na miteremko ya skii inaendelea hadi karibu mita 3,200. Minara ya kurukia kwa skii ya Sunkar ilikwishajengwa kwa ajili ya Michezo ya Asia ya Baridi ya 2011. Beijing yenyewe ilitawanyika: michezo ya barafu mjini, skii za kasi Yanqing umbali wa kilomita 90 hivi, na michezo mingine ya theluji Zhangjiakou, takriban mara mbili ya umbali huo, kwa kutegemea reli ya mwendokasi ambayo mwaka 2015 ilikuwa bado haijakamilika. Ilifunguliwa Desemba 2019.

Ripoti ya tathmini ya IOC ya Juni 2015 ilikiri kwamba Yanqing na Zhangjiakou hazipati theluji ya kutosha, hivyo michezo ingetegemea kabisa theluji ya kutengenezwa. Hapo ndipo Almaty ilipodaka silaha yake. Kampeni nzima ikawa juu ya uhalisia: milima halisi, theluji halisi, baridi halisi. Kwa mtazamaji wa kawaida inavutia. Kwa chumba kilichojaa watu waliowahi kuandaa mashindano, ni hoja nyepesi mno.

Theluji iliyoanguka punde kutoka angani ni laini na nyepesi. Mita moja ya ujazo inaweza kuwa na uzito wa kilo 100 tu, mara nyingine hata chini ya hapo. Ya mashine hufika kilo 400 hadi 500. Skii ya kushuka kwa kasi inahitaji njia ngumu, inayofanana kwa mshindani wa kwanza na wa 40. Njia ikiwa laini, wa mwanzo wanaichimba mifereji na wa mwisho wanaangukia humo. Kwa hiyo hata kwenye milima ya Alps iliyojaa theluji, waandaaji hufyatua matone ya maji kwa hewa ya shinikizo pale halijoto inaposhuka hadi kama nyuzi 2 chini ya sifuri na hewa ikiwa kavu, hushindilia kwa magari ya minyororo, kisha hudunga maji ndani ya njia kwa mabomba yenye sindano ili igande kama barafu. Theluji mpya ikidondoka usiku wa kuamkia mashindano, wafanyakazi huamka alfajiri kuiondoa. Gharama ya Beijing ilikuwa maji na umeme, tena mengi, na hilo lina lawama yake ya kimazingira. Lakini mjumbe aliyeogopa kwamba mashindano hayatafanyika hakuwa na sababu ya kuogopa. China ingetengeneza theluji, na 2022 iliitengeneza.

Suala la kujulikana ndilo zito zaidi. Baada ya kashfa ya rushwa ya Salt Lake City, mji wa Marekani ambao wajumbe walihongwa ili upewe Michezo ya 2002, IOC ilirekebisha kanuni mwaka 1999 na kuwapiga marufuku wajumbe kutembelea miji inayowania. Kamati ndogo ya tathmini ndiyo iliyokuwa ikienda. Ilikwenda Almaty Februari 2015 na Beijing Machi. Wengine walisoma ripoti, wakatazama wasilisho, halafu wakapiga kura. Kanuni ilikuwa na nia njema, ila mzigo wake haukuwaangukia wote sawasawa. Beijing iliandaa Olimpiki ya 2008, kwa hiyo wajumbe wengi walikwishalala katika hoteli zake na kuona mabasi yakifika kwa wakati. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Almaty walikuwa wanaiona kwenye video.

Na nje ya ukumbi hali ilizidi kuwafanya watu waogope. Stockholm, Kraków, Lviv na Oslo zilikuwa zimejitoa mwaka 2014, tena Oslo ikijitoa Oktoba mosi, ikiwa tayari imeingia fainali. Chombo kilichokimbiwa na miji minne hakikuwa na hamu ya kubahatisha. Papo hapo bei ya mafuta, tegemeo la Kazakhstan, ilikuwa imeporomoka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014. Tarehe 20 Agosti 2015, siku 20 baada ya kura, serikali iliiacha sarafu yake, tenge, ijipatie thamani sokoni, ikapoteza karibu robo ya thamani yake kwa siku moja. Waliosita walijiona wameona mbali.

Mimi siafiki hivyo moja kwa moja. IOC huchangia bajeti ya mwenyeji kwa dola, na kwa michezo ya 2022 iliahidi takriban dola milioni 880. Mji ambao viwanja vyake vingi vimeshasimama hauna mengi ya kuagiza kwa fedha za kigeni, na sarafu inaposhuka, mishahara ya mafundi na vibarua wa ndani ya nchi hushuka ikipimwa kwa dola. Hoja hiyo ya kihasibu, ikiwa na jedwali la dhamana ukurasa kwa ukurasa, ndiyo iliyostahili kubebwa na kauli mbiu. Haki za binadamu ziliulizwa pia, lakini hapo hakuna mji uliokuwa na cha kujivunia.

Kuna kioja cha tableti. Kura ya kwanza ilipigwa kwa tableti, mfumo ukaleta hitilafu, ikarudiwa kwa karatasi. Wapo wanaoamini Almaty iliporwa hapo. Matokeo ya awali hayakutangazwa, na bila hayo dai halina pa kusimamia.

Mwaka 2019 IOC iliachana na ushindani wa aina ile. Sasa tume huzungumza na miji mapema, kisha mmoja huletwa mbele ya wajumbe. Kwa mji usiojulikana naona ni afadhali, maana mazungumzo ya miaka humpa mtu nafasi ya kukaguliwa kwa kina. Tatizo ni foleni: 2030 imekwenda kwenye Alps za Ufaransa, 2034 Utah, na Uswisi imepewa mazungumzo ya upendeleo, yaani ya peke yake na IOC, kwa 2038. Almaty ikitaka kurudi, tarehe ya kuanza kuhesabia ni 2042.