Snape tena jamani, na hata hakujapambazuka

Saa kumi na moja alfajiri simu inatetemeka, mtu mzima nakurupuka najua tayari kuna msiba, kumbe ni mpwa wangu: "Mjomba, kubali tu, Snape ni shujaa." Snape yule mwalimu mchawi wa kwenye filamu za Harry Potter.

Sasa mimi Harry Potter nimeangalia zote 8, toka ya 2001 mpaka ya 2011, siwezi kubishana kama muhuni. Nikakaa vizuri, nikavaa miwani, nikamwandikia: kijana, tuanze na Neville, anayesoma darasa moja na Harry. Mtoto ambaye wazazi wake waliteswa na Bellatrix, mfuasi wa yule mchawi mbaya Voldemort, mpaka akili zikaruka. Filamu ya tatu, darasani kwa mwalimu Lupin, kabati linafunguliwa, kila mwanafunzi anatokewa na kile anachokiogopa kuliko vyote, Ron kapata buibui, sawa, hata mimi buibui simpendi, haya Neville katokewa na nani? Sio Bellatrix. Sio Voldemort. Snape, mwalimu wake wa somo la dawa! Linatoka hilo kanzu jeusi kabatini taratiiibu kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi, mpaka lilipovishwa gauni la bibi yake na kofia na mkoba ndo mtoto akapumua. Nikauliza, shujaa gani anatisha kuliko waliotesa wazazi wako?

Kimya. Anaandika... anafuta... anaandika. "Lakini mjomba, Snape alimpenda Lily, mama yake Harry."

We mtoto! Neville anahusika vipi na Lily? Mimi nami nimependa, nikaachwa, tena nikaachwa vibaya, lakini sijawahi kumsakama mtoto wa mtu miaka sita kisa kafanana na baba yake, kama Snape alivyomfanyia Harry. Akaniletea eti Dumbledore, mwalimu mkuu aliyeuawa na Snape, mwenyewe ndo aliomba auawe. Najua! Nililia! Kwani nani hakulia? Alan Rickman, aliyeigiza Snape, alikuwa anavuta sentensi moja mpaka unamsamehe na madeni. Nyie mnampenda Rickman mnamsingizia Snape, na mimi hapo nilishaanza kupiga kelele peke yangu chumbani.

Sirius, baba wa ubatizo wa Harry, kakaa Azkaban, gereza la wachawi, miaka 12 bila hata kesi, hajawahi mtu kuniamsha kwa ajili yake. Ginny, mpenzi wa Harry, kwenye filamu wamemfanya pambo, tumenyamaza.

Nikazima data. Nimewasha saa hizi nakuta voisi ya dakika saba, eti Draco, yule mwanafunzi hasimu wa Harry, naye alikuwa anahitaji tu mtu wa kumkumbatia. Si Voldemort alishamkumbatia mbele ya shule nzima, kama mtu anahamisha friji?