Siku ya Kutua Amsterdam, Baiskeli Isubiri

Nimesoma ratiba nyingi za likizo ya baiskeli Ulaya zilizopangwa na watu wa kwetu, na karibu zote zina kasoro ileile. Ndege inatua Amsterdam, Uholanzi, asubuhi, saa tano baiskeli ya kukodi imeshachukuliwa, jioni mtu anatakiwa awe ameshafika mji mwingine, Haarlem au Utrecht. Hoja yao ni kwamba nauli ni ghali na hoteli ni ghali, basi siku isipotee. Naielewa hoja hiyo, na naipinga. Siku ya kutua iachiwe kutua. Baiskeli ipandwe kesho yake.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi huchukua zaidi kidogo ya saa nane, na wengi wetu hupanda ile ya usiku. Wakati wa kiangazi Amsterdam iko nyuma yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo mwili hauchanganyikiwi kama wa mtu aliyekwenda Marekani. Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Saa hazikubadilika sana, lakini usingizi haukuwepo. Umekaa wima usiku kucha, miguu imevimba, umesinzia vipande vipande kati ya chakula cha usiku na chai ya asubuhi, kisha ukasimama kwenye foleni ya pasipoti. Mtu wa hali hiyo anaweza kutembea, kula na kupanda treni. Asipewe baiskeli katikati ya mji asioujua.

Sisi tuliokulia Kenya, Tanzania au Uganda tunashika kushoto. Kule wanashika kulia, na mwili hausahau ulichofunzwa tangu utotoni: ukifika ukingoni mwa barabara, shingo inageukia kulia kwanza kabla hujafikiri, na gari linakuja kutoka kushoto. Kwenye njia panda isiyo na alama, anayetokea kulia kwako ndiye anayetangulia, hata akiwa juu ya baiskeli. Ukiona pembetatu nyeupe zimechorwa barabarani, ncha zikikuelekea, wewe ndiye wa kusubiri. Halafu kuna reli za tramu, zile treni za mjini zinazopita barabarani. Gurudumu jembamba likiingia kwenye mfereji wa reli, mtu anaanguka palepale. Reli huvukwa kwa kuikabili, kamwe si kwa kuambaa nayo.

Baiskeli za kukodi nazo, hasa zile za mjini, nyingi zina breki ya kurudisha pedeli nyuma. Aliyezoea kubana breki kwa vidole hukuta hakuna cha kubana, na nyuma yake yuko mama aliyepakia watoto wawili kwenye sanduku la mbele, anawahi shule kwa mwendo wake wa kila siku. Mama huyo ana haki ya kupita salama. Mgeni mwenye usingizi ni hatari kwake na kwa watoto wake, na hilo peke yake lingetosha kwangu.

Tena siku hiyo haikosi shughuli. Uwanja wa ndege wa Amsterdam, Schiphol, uko chini ya usawa wa bahari, mahali palipokuwa na ziwa la Haarlemmermeer hadi lilipokaushwa mwaka 1852. Anayetaka kuelewa kwa nini nchi hii ni tambarare namna ile aanzie hapo hapo anapokanyaga. Stesheni ya treni iko chini ya jengo la abiria, na kwa muda wa robo saa hivi uko Amsterdam Centraal, stesheni kuu ya mji. Aliyebeba baiskeli yake kwenye boksi autumie mchana kuiunga, akikumbuka kwamba pedeli ya kushoto hufungwa na kufunguliwa kinyume. Kama skrubu imepotea au spoku imepinda, maduka bado yako wazi.

Mbele ya stesheni, chini ya maji, kuna maegesho ya baiskeli 7,000 yaliyofunguliwa mwaka 2023, na saa 24 za kwanza hulipi kitu. Shuka ukaone watu wa ofisini wanavyoingia na kutoka. Kisha zunguka nyuma ya stesheni upande kivuko cha bure kwenda upande wa kaskazini, usimame miongoni mwa waendesha baiskeli, uangalie nani anampisha nani na mkono unanyooshwa lini. Saa moja ya kutazama hivyo inafundisha kuliko video yoyote.

Na unapotazama, usidhani walizaliwa nazo njia zile nyekundu za baiskeli. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani Uholanzi, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia mitaani kupinga, serikali ikasukumwa hadi ikabadilika. Huwa nawafikiria wale wanaoendesha baiskeli kwetu kila alfajiri kwenda kazini, wakisukumwa mtaroni na matatu na malori, na sikubali kwamba hali hiyo ni majaliwa. Jambo hili nataka kila Mkenya anayekwenda kule arudi nalo na alisemee.

Sasa la viza, maana wengi hukwama hapa. Ada ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Idadi ya siku utakazopewa hufuata safari uliyoieleza kwenye maombi, na siku unayoingia inahesabiwa, uendeshe usiendeshe. Ukiomba siku sawasawa na siku za kuendesha, utajikuta ukikata safari upande wa mwisho, au ukipanda baiskeli na macho mekundu. Kwa hiyo andika usiku wa kwanza Amsterdam tangu kwenye fomu, uwe na hoteli ya usiku huo, na duka la kukodi uliambie mapema kwamba baiskeli utaifuata kesho yake saa tatu asubuhi.