Injinia wa Mizani

Mtaani kwetu Chikongola, hapa Mtwara mjini, hakuna anayenijua kwa jina langu. Naitwa Injinia. Dukani, "Injinia, leo vocha hutaki?" Msikitini, "Injinia, sogea kidogo." Jina nilipewa na marehemu bibi siku niliyochaguliwa kwenda chuo kusomea mafuta na gesi, mtaa ukalipokea bila kusubiri cheti. Sasa niulizeni injinia huyu anafanya kazi gani. Anapima korosho kwenye ghala la chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima.

Tuelewane. Ile miaka ya habari za gesi ya baharini, Mtwara nzima ilichanganyikiwa, siyo mimi peke yangu. Watu walijenga gesti mpaka kwenye njia za mbuzi. Viwanja vya Shangani vikawa havishikiki. Fundi viatu wetu akaanza kusalimia kwa Kiingereza, anajiandaa na wageni. Mimi nikajiona na helmeti, ovaroli ya rangi ya chungwa na miwani ya kukinga macho, nashuka kwenye helikopta katikati ya bahari. Mzee akauza korosho za msimu mzima akalipa ada, ili mwanawe asije akahangaika na korosho.

Bomba la gesi likajengwa kutoka Madimba, huku huku Mtwara, 2015 likakamilika, karibu kilomita 500 hadi Dar es Salaam. Yaani gesi ilipata kazi mjini bila usaili, bila uzoefu, bila barua ya mtendaji wa kata. Na usafiri ikalipiwa! Mimi jirani yake nikabaki nalipungia bomba mkono. Na kuhusu ule mradi mkubwa wa Likong'o, Lindi, wa kugeuza gesi iwe kimiminika, bahasha yangu ya vyeti iko tayari tangu nianze kusikia mazungumzo. Bahasha imeshabadilika rangi, mazungumzo bado mabichi.

Haya, ghalani. Mkulima akishusha gunia, ananitazama mimi kwanza ndipo atazame mizani. Kwake mimi ni mwizi ambaye hajakamatwa. "Injinia, hili nyumbani lilikuwa na themanini na mbili." Nyumbani ulipimia nini, mzee wangu? Alilibeba mgongoni akasikia. Ukilifungua unakuta mchanga, kokoto, na kuna moja lilikuja na ndala. Ya kushoto. Mwenyewe akaniuliza ya kulia nimeipeleka wapi. Ukimwambia mtu korosho zina unyevu, akazianike tena, anaapa kwa mama yake mzazi kwamba ule ni umande wa asubuhi. Saa tisa alasiri hiyo, jua la Novemba linakausha hata mate mdomoni. Halafu malipo yakichelewa wananifuata mpaka nyumbani, kama vile mnada wa kuuzia korosho naendesha mimi na benki naifungia kabatini.

Na kazi yenyewe ya msimu. Inaanza Oktoba, mwaka mpya ukiingia, ghala tunawaachia panya. Hapo nashika bodaboda ya shemeji. Ikifika Juni naenda kupulizia salfa mikorosho ya watu, isishikwe na ugonjwa wa ubwiriubwi. Lile vumbi la njano, uoge usioge, godoro litanuka tu, ndiyo maana mke wangu miezi hiyo ananitandikia mkeka. Ila nisikose shukrani. Miwani ya kukinga macho ninayo, ya salfa. Helmeti ninayo, ya bodaboda, kioo kimepasuka lakini ipo. Ovaroli nilipewa na fundi gari mmoja baada ya kumbana. Nikivaa vyote kwa pamoja mimi ni injinia kamili, kimebaki kitu kimoja tu, helikopta.

Halafu kuna hawa wahamasishaji. Alikuja mmoja, tukakaa kwenye viti vya plastiki, tena kwa kiingilio, akatuambia tuache kazi tusizozipenda tufuate ndoto zetu. Niache kazi? Ya kwangu huwa inaniacha yenyewe kila Januari! Nilitaka nimuulize na yeye utotoni aliota nini, maana siamini kuna mtoto aliyelala akaota anawapigia kelele watu wa Mtwara kwenye ukumbi usio na feni. Maswali hakupokea, alikuwa anawahi ndege.

Juzi nikaona tangazo, kampuni ya mambo ya gesi inataka watu. Moyo ukanilipuka. Kusoma vizuri: mlinzi wa getini. Nikasema poa, geti nalo ni sehemu ya mtambo. Nikabeba bahasha. Kijana wa dirishani akakigeuza cheti changu mbele na nyuma, akasema, "Kaka, shule unayo. Cheti cha mgambo kiko wapi?"

Sina. Mafunzo yanaanza mwezi ujao, mbio alfajiri, na mimi na kitambi changu hiki cha ming'oko na pweza. Nimeshapita sokoni kuulizia buti. Muuzaji amegoma kupunguza hata mia tano, eti haijawahi kutokea injinia akaomba apunguziwe bei.