Amekuja Kutafuta Kijiko

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari, na kwa miaka mingi nilijijengea sifa ya mtu asiyetishwa na vitu vya kuchorwa. Kwa hiyo mpwa wangu anayesomea kompyuta Dar es Salaam alipokuja likizo mwezi wa saba, akasema anayo katuni moja ambayo si ya kutazamwa usiku, nilimjibu mbele ya familia nzima kwamba katuni ni katuni, aiwashe papo hapo, tena taa izimwe. Maneno hayo yamenukuliwa sana hapa Mikindani tangu siku ile, na kila anayeyanukuu huongeza chumvi yake, ndiyo maana nimeona ni afadhali niyaandike mwenyewe.

Katuni yenyewe inaitwa Salad Fingers, jina ambalo mpwa wangu alilitafsiri palepale kuwa Vidole vya Kachumbari, nasi tukacheka. Aliyeitengeneza ni Mwingereza aitwaye David Firth, na sehemu ya kwanza ilitoka kwenye intaneti mwaka 2004, enzi za programu ya Flash ambayo sasa imekwisha kuzikwa. Mhusika wake ni mtu wa rangi ya kijani, mgongo umepinda, vidole virefu kama mizizi ya mikoko, anayeishi peke yake kibandani katika nchi tupu. Anachokipenda ni kutu. Katika sehemu hiyo ya kwanza, inayokwisha kabla chai haijapoa, anaeleza kwa sauti laini raha anayoipata akipapasa kijiko chenye kutu, kisha anakwenda kwenye nyumba ya watu kuulizia vijiko. Hakimbizi mtu, hapigi kelele, hana meno marefu. Ana adabu, na kicheko chetu kiliishia hapo kwenye adabu.

Mwanangu mkubwa, aliye darasa la sita, alisema "haitishi" mara nne, kila mara kwa sauti ndogo kuliko iliyotangulia. Mdogo wake hakusema lolote, ila alihama kutoka kwenye mkeka hadi mapajani mwangu bila mtu yeyote kumwona akipita. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na alikuwa anavaa sare ili aende zamu ya usiku, alisimama mlangoni kwa dakika moja, akauliza kama mtu huyo amechanjwa pepopunda. Mpwa wangu akamwambia kuwa pepopunda inaletwa na kutu. Akakemewa palepale, akaelezwa kuwa kutu haina kosa lolote, bali ni bakteria wakaao udongoni na kwenye samadi ambao hupenya kwenye kidonda. Mke wangu akaondoka. Hata leo najiuliza mambo yangekuwaje kama asingekuwa na zamu.

Mzee mchongaji, jirani yetu aliyefuata kahawa akakuta sinema, alitazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. Yeye ni Mmakonde aliyechonga mpingo tangu ujana wake, na mtindo wa shetani, ule wa viungo vilivyorefushwa na macho yaliyohama mahali pake ambao watu wa fani hiyo huuhusisha na mchongaji Samaki Likankoa na miaka ya 1950, anaujua hadi kwenye kucha. Alinyamaza sehemu mbili nzima, kisha akatoa hukumu: "Huyu ni shetani, lakini hajijui. Shetani wetu anajijua, ndiyo maana anacheka." Akaongeza kwamba utotoni alipoona lipiko, kinyago cha Kimakonde cha kuvaliwa kichwani, kwa mara ya kwanza kwenye ngoma, alikimbilia kwenye shamba la muhogo akalala huko, na ni baada ya kutoka jandoni ndipo alipojua kwamba aliyekuwa ndani ya kinyago kile, akichungulia kupitia mdomo wake, ni mjomba wake. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, jambo ambalo mzee hajalisahau.

Aliyenishangaza ni Mama. Yeye hajui Kiingereza, na mpwa wangu alikuwa akimtafsiria taratibu sikioni. Hakuogopa hata kidogo. Alihuzunika. "Kwao hakuna watu?" aliuliza. "Mtu mzima anatembea kuomba kijiko, wala hapati wa kumwambia kaa?" Ilipofika ile sehemu ambayo mhusika anazungumza na vikaragosi vyake vya vidoleni kana kwamba ni jamaa zake, Mama alijifuta macho kwa upindo wa khanga. Akatuagiza tumkumbushe kesho yake kwamba nyuma ya kinu kuna vijiko vya zamani vyenye kutu tele, ili huyo kijana akipita huku apewe. Mpwa wangu alianguka kwenye kochi kwa kicheko. Lakini kusema kweli, kama kuna mahali ambapo kiumbe yule angeshiba, ni hapa kwetu, maana hewa ya chumvi itokayo baharini haiachi bawaba, msumari wala bati. Kutu sisi hatuitafuti, inatufuata nyumbani.

Wote walipolala nilifanya kosa ambalo shahidi wake ni simu yangu peke yake. Nilijifunika shuka nikatazama sehemu zilizobaki, na jumla yake ni zaidi ya kumi, kwa kisingizio kwamba mwalimu ni lazima ajue wanafunzi wake wanatazama nini. Nilipokuwa mtoto, zimwi wa hadithini alikuwa na haja inayoeleweka, yaani kukula, nawe ulikuwa na wajibu unaoeleweka, yaani kukimbia. Huyu wa kijani anaomba samahani. Sikujua mtu anatakiwa kumkimbia vipi kiumbe anayeomba samahani, na nilikuwa bado nalitafakari swali hilo saa nane usiku umeme ulipokatika, feni ikasimama, na simu nayo ikazima.

Sikupata usingizi. Saa kumi na moja kasoro, kutoka kwenye mikorosho iliyo nyuma ya nyumba, nilisikia ngurumo ambayo ilidumu kitambo kisha ikakatika ghafla. Ukimya ukafuata. Halafu nikasikia vidole vikipapasa mlango wetu wa chuma, ule wa nje ambao umeliwa na kutu tangu juu hadi chini, vikipapasa polepole, vikipanda na kushuka, kama vya mtu anayekitafuta kitu alichokipenda.

"Hodi," ikasema sauti nyembamba, laini.

Sasa, mtu aliyelelewa pwani hana uwezo wa kusikia hodi akanyamaza. Akili yangu ilikuwa bado inatoka kitandani, ulimi ukawa umeshajibu: "Karibu!"

"Samahani sana kwa usumbufu," ikaendelea sauti ile. "Naomba kijiko. Hata kama kina kutu."

Nilisogeza pazia la dirisha kwa kidole kimoja. Kwenye mwanga wa buluu uliotoka chini kuelekea juu alisimama mtu aliyeinama, mwenye kitu cha mviringo mgongoni, uso wa kijani usio na mdomo, na mikono yenye vidole ambavyo ncha zake zilining'inia bila mifupa.

Ninakumbuka kwamba nilipiga kelele, na majirani wa nyumba tatu wanayakumbuka maneno. Nilisema: "Hatuna vijiko! Sisi tunakula kwa mikono!" Kisha nikarudi kinyumenyume, nikaikanyaga ndoo ya Mama ya maji ya kutawadha, nikapita na pazia la mlango wa chumba chake, nikaanguka juu ya kitanda chake na chandarua chote kikanishukia. Kadiri nilivyojinasua ndivyo nilivyojifunga. Mama aliamka akaona kitu cheupe kinagaragara miguuni pake kikitaja vijiko, akakichapa bakora tatu, mbili kati ya hizo nikiwa nimestahili.

Aliponitambua hakuuliza niliota nini. Aliuliza: "Amekuja?" Nami, ndani ya chandarua, nikaitikia kwa kichwa.

Mama alijitanda khanga, akaenda nyuma ya kinu, akachagua kijiko chenye kutu kuliko vyote, akafungua mlango. Nilimsikia akisema kwa upole ambao mimi sijapata kuusikia tangu nioe: "Pole mwanangu. Karibu ukae. Umekula lakini?"

Alikuwa jirani yetu wa shamba la pili. Msimu huo mikorosho ilikuwa inachanua, na salfa ya unga ya kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hupulizwa alfajiri wakati upepo umetulia na umande ungali kwenye maua ili unga ushike. Alikuwa ameianza kazi tangu saa kumi, mashine ikiwa mgongoni, barakoa usoni, na glavu za mpira zilizomzidi vidole kwa nusu inchi. Salfa ni ya manjano, lakini chini ya tochi ya simu yake ilikuwa imegeuka rangi ambayo nimekwisha kuitaja. Mashine ilimzimikia kwa kukosa petroli, kifuniko cha tangi kikawa kimekwama, bisibisi ameipoteza majanini, na kijiko kizuri hakukitaka kwa kuogopa kukipinda. Aliongea kwa sauti ndogo ili asiwaamshe watoto. Alipapasa mlango kwa sababu alikuwa hajui komeo liko wapi. Kila alichokifanya kilikuwa cha adabu tupu. Alipouliza kama Mwalimu anaumwa, Mama alimjibu kwamba Mwalimu ametazama katuni.

Saa mbili asubuhi mke wangu alirejea, akaona mguu wangu uliochanwa na mdomo wa ndoo, akanirudisha naye kituoni bila kuvua viatu. Muuguzi mwenzake, sindano mkononi, aliniuliza nimeumia na nini, na kabla sijapanga sentensi yangu mke wangu alikwisha kusimulia yote, pamoja na tamko la kula kwa mikono. Mchongaji hakunicheka, alinitazama tu, akatikisa kichwa, akasema, "Mjomba."

Wiki moja baadaye jirani alirudisha kijiko, na kwa kuwa ni mtu muungwana, alikuwa amekisugua kwa mchanga na majivu hadi kikang'aa kama cha harusi. Mama alikipokea, akamshukuru, akampa na korosho za kubanika. Alipoondoka, alikigeuza kijiko kile juani, huku na huku, uso ukiwa umemkunjika.

"Sasa amekiharibu," aliniambia. "Mwenyewe akija, tutampa nini?"